Uwanja wa Nani Siku ya Jumatano?

Hoja ya uwanja mkubwa wa soka haihitaji mswada ili iwe hai mpakani mwa Kenya na Uganda. Tangu Septemba 27, 2023, siku Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilipozikabidhi Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, kiongozi wa serikali ya mtaa anayesimama mbele ya vijana hana budi kujiandaa kwa swali moja: na sisi je? Nairobi ilipangiwa Talanta, uwanja wa viti 60,000. Hoima, mji wa mafuta magharibi mwa Uganda, umejengewa wa viti 20,000. Arusha nayo haikusahaulika. Busia, mji mmoja uliokatwa vipande viwili na mpaka, na Tororo, jirani yake wa saruji na jabali, wamebaki kuhesabu mabasi ya mashabiki yanayopita kwenda kwingine. Kila upande una kiwanja chake cha zamani. Busia ya Kenya ina uwanja wa kaunti katikati ya mji. Tororo ina King George, ambao jina lake pekee linatosha kuonyesha kwamba hamu ya uwanja wa heshima huko haikuanza jana.

Tuchukulie basi kwamba pendekezo limefika mezani: uwanja wa kisasa wa viti 20,000, wa kiwango cha ligi kuu, ujengwe na serikali ya kaunti upande wa Kenya, au usukumwe na wilaya na manispaa upande wa Uganda kwa msaada wa Kampala. Nitawaachia wasemaji watano nafasi ya kulitetea au kulipinga. Nimewanyima majina makusudi, maana ninachopima ni hoja zao, hoja ambazo mtu yeyote aliyewahi kuketi katika kikao cha maoni ya umma atazitambua. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji asihangaike kuutafuta: serikali ya mtaa isikubali kiti hata kimoja kabla haijawekewa mezani vitu viwili, yaani ratiba inayoonyesha nani atacheza hapo wiki baada ya wiki, na fungu la bajeti la kuutunza uwanja huo miaka yote mkandarasi akishaondoka. Jukwaa lifuate ratiba. Tukifanya kinyume chake tutajenga kaburi lenye taa.

Wa kwanza kuinuka ni mwakilishi wa wadi. “Mheshimiwa Spika, sisi ni lango la nchi, na lango haliachwi na vumbi. Sikukuu ya Mashujaa ya 2018 ilifanyika Bukhungu, Kakamega. Madaraka ya 2021 ikaenda Kisumu, wakafungua Mamboleo. Madaraka ya 2024 ikaenda Kanduyi, na uwanja wa Masinde Muliro ukafanyiwa ukarabati ambao Bungoma wasingeuota. Rais akisema mwakani anakuja Busia, tutamkalisha wapi? Na tusisahau aibu ya Septemba 2024, timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ilipoikaribisha Zimbabwe huko Namboole, Uganda, kwa sababu Kenya nzima haikuwa na uwanja unaokubalika na CAF. Nchi inalia viwanja, na sisi tunajadiliana kana kwamba tumeombwa kununua ndege.”

Mheshimiwa amesema kweli tupu, na kweli hiyo inamgeuka. Viwanja vitatu alivyovitaja vyote viko ndani ya saa chache za matatu kutoka Busia, na cha Kanduyi kiko kando ya barabara ile ile kuu inayoingia Malaba na kuelekea Tororo. Anachotuambia, bila kukusudia, ni kwamba eneo hili tayari lina viti vingi kuliko lilivyo na timu za kuvijaza. Aibu ya Namboole nayo haikutokana na uhaba wa viwanja vya kaunti. Kilichokosekana ni uwanja uliofikia masharti ya CAF, na masharti hayo hayaishii kwenye viti. Yanagusa taa, vyumba vya wachezaji, hoteli za timu, hospitali na uwanja wa ndege wa karibu. Kwa upande huu wa Ziwa Viktoria, mji wenye uwanja wa ndege wa kimataifa ni Kisumu. Busia ingeweza kumwaga zege mpaka lifike ng'ambo ya mpaka na bado isipate mechi moja ya Harambee Stars. Tena Uganda yenyewe, iliyomwokoa jirani yake 2024, ilikuwa imekwenda mpaka Ismailia, Misri, kuikaribisha Tanzania Machi 2023. Dawa ya nchi zote mbili ilikuwa kukarabati vizuri viwanja vichache vya taifa, na ndiyo iliyowezesha michuano ya CHAN, ya wachezaji wa ligi za ndani, kuchezwa huku Agosti 2025.

Kuhusu sikukuu za kitaifa, ni kweli kwamba zimekuwa mlango wa fedha za Nairobi kuingia kaunti. Lakini sikukuu ni siku moja. Baada ya gwaride, hema hukunjwa, magari ya itifaki huondoka, na kaunti hubaki na majukwaa ya kupaka rangi, mabomba ya kuziba na mlinzi wa kulipwa mshahara. Historia ya ahadi za viwanja nchini Kenya haimpi mwakilishi wa wadi sababu ya kulala usingizi. Kenya ilinyang'anywa uenyeji wa Kombe la Mataifa la 1996, ukaenda Afrika Kusini. Ikanyang'anywa CHAN ya 2018, ikaenda Morocco. Mara zote mbili kwa kutojiandaa. Serikali ya Jubilee iliingia madarakani 2013 ikiwa na ahadi ya viwanja vitano vya kisasa, na ilipotoka 2022 ahadi ilikuwa bado ahadi. Bukhungu yenyewe, ambayo ni mfano mwema kuliko mingi, imejengwa kwa awamu, na awamu hizo zimevuka kutoka gavana mmoja hadi mwingine pamoja na mabishano yake.

Hapo hesabu haikwepeki. Uwanja wa Hoima uliripotiwa kugharimu dola milioni 129. Kwa kiwango cha shilingi 129 za Kenya kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 16. Mgao wa Kaunti ya Busia kutoka hazina ya taifa katika mwaka wa fedha wa 2021/22 ulikuwa takriban shilingi bilioni 7.2, na mgao huo ndio nguzo ya bajeti yake, kwa kuwa ada za soko, maegesho na leseni huchangia sehemu ndogo. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inazitaka kaunti zielekeze angalau asilimia 30 ya bajeti kwenye maendeleo. Asilimia 30 ya bilioni 7.2 ni bilioni 2 na kidogo. Maana yake, uwanja wa aina ya Hoima ungemeza fedha zote za maendeleo za watu 893,681 waliohesabiwa Busia mwaka 2019, kwa muda unaokaribia miaka 8, bila kuacha daraja, zahanati wala darasa. Upande wa Uganda hali ni ngumu zaidi. Kodi ya kichwa iliyozipa wilaya fedha zao wenyewe ilifutwa 2005, na tangu hapo wilaya na manispaa zinaishi kwa ruzuku za Kampala ambazo nyingi huja zikiwa zimeshapangiwa kazi. Ndiyo sababu Hoima ulijengwa na serikali kuu. Wilaya ikiombwa kuchangia, itachangia ardhi, na ardhi nitaifikia.

Mtetezi atasema hakuna anayetaka Hoima. Tupunguze, tujenge wa bilioni 2. Sawa, tupunguze. Wahandisi wa majengo ya umma hukadiria kwamba jengo linahitaji kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya thamani yake ili lisichakae. Kwa uwanja wa bilioni 2, hizo ni shilingi milioni 40 hadi 80 kwa mwaka, milele. Sasa tuwe wakarimu upande wa mapato. Tuseme Busia ina timu katika ligi kuu ya Kenya yenye timu 18, kwa hiyo mechi 17 za nyumbani. Tuseme kila mechi inavuta mashabiki 5,000 wanaolipa shilingi 200, idadi ambayo vilabu vingi vya ligi hiyo vingeifanyia sherehe. Jumla ni shilingi milioni 17, kabla ya kuwalipa waamuzi, polisi, shirikisho na klabu yenyewe. Pengo hilo litazibwa na nani? Swali hili halijibiwi siku ya kuweka jiwe la msingi, kwa sababu siku hiyo anayeongea na anayelipa si watu wa mwaka mmoja.

Mwenye nyumba ya wageni anaomba nafasi, na hoja yake nzito kuliko ya mheshimiwa. “Mnahesabu tiketi, mnasahau vitanda. Mji huu ulijengwa na foleni ya malori. Dereva alikuwa akilala hapa usiku mmoja, mbili, wakati mwingine wiki. Alikula, alikunywa, utingo wake alinyolewa, gari likaziba pancha. Februari 24, 2018, Rais Kenyatta na Rais Museveni walikuja kufungua kituo cha pamoja cha forodha. Tulipiga makofi. Siku hizi gari linashughulikiwa upande mmoja tu na linakwenda zake, na mizigo mingi imeshalipiwa ushuru kabla haijatoka Mombasa. Biashara ya kusubiri imekufa. Nipeni kitu kitakachomfanya mgeni alale Busia tena.”

Huyu ameuelewa uchumi wa mpaka kuliko wapangaji wengi. Mapato makubwa ya Busia na Malaba, yaani ushuru wa forodha, huenda Nairobi na Kampala. Miji iliambulia kile ambacho ucheleweshaji uliacha chini, na ucheleweshaji ulipopungua makombo nayo yakapungua. Ni haki mji kama huo kutafuta sababu mpya ya watu kusimama. Tatizo ni kwamba uwanja wa michezo ni sababu dhaifu sana, na ushahidi wake upo tele. Wanauchumi Roger Noll na Andrew Zimbalist waliuchambua mwaka 1997 katika kitabu walichokihariri kuhusu viwanja vya Marekani, na hitimisho lililofuatwa na tafiti nyingi tangu hapo ni kwamba uwanja hauleti ukuaji wa maana katika uchumi wa eneo lake. Fedha ambayo shabiki anaitumia uwanjani Jumamosi ni ile ambayo angeitumia baa, sokoni au kwenye harusi ya binamu yake. Inahama mfuko, haizaliwi upya.

Mfano unaofanana zaidi na wetu ni wa Cobb, kaunti ya pembezoni mwa jiji la Atlanta. Novemba 2013 makamishna wake waliidhinisha, wiki mbili tu baada ya wananchi kusikia habari hizo kwa mara ya kwanza, mpango wa kuihamisha timu ya besiboli ya Braves kutoka jijini kuja kwao, kaunti ikibeba takriban dola milioni 300. Mwenyekiti wa kaunti aliyeusukuma mpango huo alishindwa katika uchaguzi wa 2016, kabla hata uwanja haujafunguliwa 2017. John Charles Bradbury, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Kennesaw State kilicho katika kaunti hiyo hiyo, alifuatilia kodi za mauzo na thamani za majengo, akakuta kwamba ongezeko lililoletwa na uwanja halikutosha kufidia gharama ambayo kaunti ilijitwika. Na hapo tunazungumzia timu inayocheza nyumbani mara 81 kwa msimu, mbele ya watu wanaokuja na magari yao na kadi za benki. Ikiwa mechi 81 za matajiri hazikujilipa, mwenye nyumba ya wageni wa Busia anatarajia nini kwa mechi 17, ambazo mashabiki wa timu pinzani wengi wao hurudi na basi lile lile walilojia kwa kelele?

Anaweza kunijibu kwamba uwanja si wa soka peke yake. Kuna mikutano ya injili, matamasha, mahafali, na kuna kampeni, ambazo katika nchi zetu hazina msimu. Nakubali, na hiyo ndiyo njia ya kweli ya kuingiza fedha. Lakini mkutano wa injili hauhitaji viti 20,000 vya plastiki vilivyofungwa kwa bolti. Unahitaji eneo tambarare, maji, vyoo vinavyofanya kazi, umeme na geti. Tena magari ya vipaza sauti yanayopanda juu ya nyasi Jumapili ndiyo yanayoivuruga mechi ya Jumatano. Nyumba yake ya wageni itafaidika zaidi na mashindano ya shule ya siku tano, yenye watoto mia kadhaa wanaolala na walimu wao, kuliko na fainali moja ya saa mbili. Hiyo ni hoja ya ratiba, si ya ukubwa.

Diwani wa Tororo amekuwa akitikisa kichwa tangu mwanzo. “Ndugu zangu wa Busia, mnajadili kama vile mpaka ni ukuta. Wateso wako kwetu na wako kwenu Amagoro. Wasamia wako huku na kule. Busia yetu ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo mpaka 1997. Tangu 2014 Mkenya na Mganda wanavuka kwa kitambulisho tu. Kwa nini tujenge viwili vidogo vibovu wakati tunaweza kujenga kimoja cha pamoja, tukakiita cha Afrika Mashariki, tukaomba fedha kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki huko Arusha?”

Ni wazo tamu, na kati ya yote yaliyosemwa ndilo linalopendeza kulipinga polepole. Mpaka si ukuta kwa muuza omena, lakini kwa soka ni ukuta. Timu ya Tororo iko chini ya shirikisho la soka la Uganda, FUFA, ya Busia ya Kenya iko chini ya lile la Kenya, FKF, na mechi za ligi huchezwa ndani ya nchi ya shirikisho. Uwanja wa pamoja ungejengwa upande mmoja tu, na timu ya upande wa pili isingeuita nyumbani. Kisha kuna zabuni: sheria ipi ya ununuzi, mkaguzi yupi wa hesabu, mahakama ipi mkandarasi akidai? Kituo cha pamoja cha forodha kiliwezekana kwa sababu serikali mbili kuu zilikubaliana, na kila upande ukajenga majengo yake. Halafu kuna lile ambalo mwaka 2020 ulitukumbusha, mpaka ulipofungwa kwa waenda kwa miguu huku madereva wakingoja vipimo vya korona kwa siku nyingi. Ebola inapozuka Uganda, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2022, foleni ya kupimwa joto hurudi. Uwanja ambao hesabu zake zinategemea mashabiki wa ng'ambo unategemea amri ya waziri wa Nairobi au Kampala, na diwani hana kura huko.

Hata ndani ya Tororo kwenyewe, kuchagua mahali pa kujenga si jambo la wahandisi. Wilaya hiyo imeishi miaka mingi na mgogoro kuhusu kugawanywa kwake kati ya Wapadhola na Wateso, na kiini cha mgogoro kimekuwa mji wenyewe uende kwa nani. Mradi mkubwa wa fedha ukiangushwa katikati ya swali hilo utasomwa na kila upande kama hukumu. Lakini katika wazo la diwani kuna kitu ambacho nisingependa kitupwe pamoja na zege. Kinachoweza kushirikiwa ni mashindano. Ligi ya vijana ya mpakani, timu za Busia mbili, Malaba mbili na Tororo, ikichezwa kwa zamu katika viwanja vilivyopo, inahitaji barua za mashirikisho mawili, marefa, mipira na nauli. Ikifeli baada ya msimu mmoja, hasara yake inalipika.

Kocha wa vijana ndiye aliyenyamaza muda mrefu, na anaposema anasema kwa ufupi. “Mimi sihitaji viti. Nahitaji nyasi zisizo na mashimo, na ufunguo wa geti saa kumi jioni. Naogopa kitu kimoja: mtafunga kiwanja tulicho nacho ili mjenge kizuri, kisha mtakosa fedha, na watoto wangu watakuwa hawana kibovu wala kizuri.”

Hofu hiyo ina jina, na jina lake ni Kamariny. Kwenye ukingo wa bonde karibu na Iten, katika Elgeyo Marakwet, palikuwa na njia ya udongo ya kukimbilia ambayo mabingwa wa dunia waliitumia kwa mazoezi. Haikuwa na jukwaa la maana wala zulia la rangi, lakini ilikuwa wazi, na ilikuwa na watu alfajiri. Serikali ilipoamua kuifanya uwanja wa kisasa, ilichimbuliwa. Kazi ikakwama, na wanariadha wakaachwa wakimbilie barabarani miaka na miaka. Sijui kama kuna mfano mwingine Afrika Mashariki unaoeleza vizuri zaidi jinsi mradi unavyoweza kuua kitu kile kile kilichouhalalisha. Kwa Busia na Tororo hatari iko karibu zaidi, kwa sababu viwanja vya zamani viko katikati ya mji, mahali ambapo kila futi ya ardhi ina mnunuzi. Uwanja mpya ukipelekwa pembeni, kiwanja cha zamani kitaitwa hakitumiki, kisha kitaitwa cha wazi, kisha kitapata hati.

Mbombela, kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini, karibu na mpaka wa Msumbiji, ilipitia majaribu ya aina hiyo kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010. Ardhi ya jamii ya Matsafeni ilikaribia kuchukuliwa kwa randi 1, mpaka mahakama ikaukataa mkataba huo. Wanafunzi walihamishwa kutoka shule zao kupisha ujenzi, wakasomea madarasa ya muda, wazazi wakaandamana. Januari 2009 Jimmy Mohlala, spika wa baraza la manispaa aliyekuwa amefichua uozo katika zabuni za uwanja huo, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Uwanja ulikamilika, ni mzuri, na ulipata mechi nne za Kombe la Dunia. Sisemi Busia itamwaga damu. Nasema kwamba mabaraza madogo yakipewa zabuni kubwa kuliko uwezo wao wa kuzikagua, kinachoharibika kwanza ni baraza lenyewe.

Na je, bila jukwaa, vipaji havifi? Ushahidi wa eneo letu unasema jukwaa na kipaji havifuatani kwa lazima. Vihiga Queens, klabu ya wanawake iliyokulia katika viwanja vya kawaida vya Vihiga, ilishinda mchujo wa CECAFA mwaka 2021 na kwenda Misri kuiwakilisha kanda hii katika Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika, mara ya kwanza michuano hiyo kuchezwa. Kilichoijenga ni mazoezi, makocha, na watu waliokubali kulipia nauli. Kwa upande mwingine, msomaji atakumbuka 2019, kampuni ya kamari ya SportPesa ilipoondoka na udhamini wake: ligi nzima ya Kenya iliyumba, Gor Mahia na AFC Leopards wakakosa mishahara. Viti vya uwanja wa Kasarani vilikuwa pale pale. Timu ndiyo iliyokuwa inakufa njaa.

Mama muuza samaki, aliyekuja na beseni lake mpaka mlangoni mwa ukumbi, hataki hata kiwanja cha kocha. “Mtaro wa soko unafurika kila mvua, wanawake wanajifungua kwa tochi, na nyinyi wanaume mnagombea mpira. Zibeni mtaro kwanza.” Ukumbi unampigia makofi, na mimi ningependa kumpigia, ila hoja yake ikifuatwa hadi mwisho hakuna siku serikali itakayotumia shilingi kwa mchezo, maktaba au bustani, maana mtaro haumaliziki. Katiba ya Kenya ya 2010, katika jedwali lake la nne, inazipa kaunti jukumu la michezo na burudani za umma sawasawa na inavyozipa masoko na zahanati. Kijana wa mtaani mwenye pahali pa kucheza jioni ni huduma iliyotolewa, hata kama haina risiti. Jibu la haki kwa mama huyu ni kiasi. Milioni 5 za kumwagilia na kukata nyasi hazinyang'anyi mtaro wake. Bilioni 2 zinaunyang'anya, na yeye ameliona hilo upesi kuliko wataalamu.

Mwakilishi wa wadi anarudi, sauti imepanda kidogo. “Kwa hiyo jawabu ni hapana? Nikawaambie vijana wabaki na vumbi?” La. Kawaambie hivi, mheshimiwa: mwaka wa kwanza, eneo la kuchezea la mita 105 kwa 68 lisawazishwe, lipandwe nyasi, lichimbiwe kisima na mifereji ya maji ya mvua, uzio, vyoo vya wanaume na wanawake, chumba cha kubadilishia nguo ambacho timu ya wasichana inaweza kukitumia bila kusindikizwa. Hati ya kiwanja isajiliwe kwa jina la umma na nakala yake ibandikwe ukutani. Bunge la kaunti, au baraza la manispaa ikiwa ni ng'ambo, lipitishe fungu la matengenezo lenye namba yake, lisilohamishika katikati ya mwaka, na kamati ya ratiba ambayo kocha, mwalimu wa michezo na mchuuzi wa getini wana viti ndani yake. Jukwaa moja la kivuli lijengwe baada ya hapo. La pili lije siku timu ya mji itakapomaliza misimu miwili mfululizo katika ligi ya daraja la pili bila kukimbia mechi, na mahudhurio yake yameandikwa getini, mechi kwa mechi, katika daftari ambalo mtu yeyote anaweza kuomba kulisoma.

“Na Rais akija?” anauliza. Rais akija, hema litafungwa, kama lilivyofungwa kwingine. Na kesho yake asubuhi mkandarasi wa hema atalipa ada ya kurekebisha nyasi, kwa sababu itakuwa imeandikwa kwenye mkataba wa kukodi uwanja, kifungu cha kwanza, kabla ya bei.